Mshono Kwenye Bango la Shangwe

Swalha binti Abdulwakil hajui kukaa. Waliomzoea hapa Guangzhou, kuanzia Wakenya wa Xiaobei hadi Wazanzibari waliopanga vyumba karibu na msikiti, wanajua kwamba ukiwa na shida naye ufunge kamba za viatu kwanza, maana mazungumzo yatafanyika njiani. Anakula amesimama. Anapiga simu huku anapanda ngazi. Matajiri wa maduka ya Guangyuan Xilu wanapomkaribisha chai katika vile vikombe vyao vidogo, yeye huimeza ingali ya moto, akarudisha kikombe mezani na kuuliza bei. Mwenyewe anadai Wachina wamempa jina la Mama Upepo, na hakuna aliyekwenda kuwauliza Wachina.

Kazi yake ni uwakala. Mfanyabiashara anatua kutoka Dar au Mombasa, hajui Kichina cha kuombea maji ya kunywa, Swalha anampokea. Wa mikoba anampeleka Shiling, wa nguo za dukani anampeleka Guangyuan Xilu, wa vitambaa anampeleka Zhongda, na huko anamkalia muuzaji kooni mpaka muuzaji ashike kichwa. Sifa yake kubwa ni jicho la rangi. Kitenge kikitoka kiwandani na wekundu uliopauka kidogo tu, wengine hawaoni, yeye anaona, na jora zima linarudi lilikotoka. Jicho hilo amelirithi kwa baba yake, na hilo hulisema kwa majivuno. Alichorithi kwa mama yake hakisemi, kwa sababu tangu utotoni aliambiwa kwamba kwa mama yake hakuna cha kurithi.

Hapo ndipo anapoingia Benedicta. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kigoma, mwanakwaya, mwanamke wa kucheka na kila mtu, na kila anapokuja Guangzhou huleta salamu. Salamu zinatoka Ujiji kwa fundi cherehani mmoja mzee aitwaye Bi Sihaba, na Bi Sihaba ndiye mama mzazi wa Swalha. Benedicta aliligundua jambo hilo kwa bahati. Aliporudi kutoka safari yake ya kwanza alipeleka kitambaa kushonesha, akawa anamsifia wakala wake wa China, akalitaja jina lote mpaka la baba, na yule bibi akaacha kukanyaga cherehani. Tangu siku hiyo kila safari ina salamu, na kila salamu Swalha huikata kabla haijaisha. Mwanamke aliyemwacha mtoto anayenyonya akapanda treni ya Kigoma, yeye hana la kuzungumza naye.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa nne ilikuwa na ule unyevu wa Guangzhou unaofanya kuta zitoke jasho na nguo zikatae kukauka. Swalha alimkuta Benedicta chini hotelini, amevaa gauni la kitenge la mikono mipana. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mishono, kama yanavyokwenda siku zote. Ilikuwa imenyooka kana kwamba imepigiwa rula, hata pale begani ambapo mafundi wengi hudanganya. Alijua imeshonwa na nani, kwa hiyo hakuisifu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umelala vizuri?"

"Nimelala. Salamu zako ninazo."

"Ziweke kwenye begi. Twende, Zhongda tukichelewa tutasukumana na watu."

Benedicta hakuinuka. "Safari hii hazikai kwenye begi, dada. Bibi hashoni tena. Kifua kinambana, hata kukaa kitako mpaka ashikwe. Hospitali wametuambia turudi naye nyumbani tu, tumtunze. Haombi uende Ujiji. Anataka asikie sauti yako, hata neno moja. Hii simu yangu ina laini ya nyumbani, WhatsApp inapita bila shida. Kwetu bado ni usiku. Kukicha nikupigie?"

"Bu yao," alijibu Swalha, sitaki ile ya sokoni wanayorushiwa wachuuzi wang'ang'anizi, na kabla Benedicta hajakusanya mikoba yake, Swalha alikuwa keshatoka nje anatafuta njia ya kwenda stesheni.

Ndani ya treni ya chini ya ardhi viti vilikuwepo. Alisimama. Alishika nguzo, akaiachia, akasoma majina ya vituo anavyovijua kwa moyo, akafungua simu, akaifunga. Alikuwa amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba hakuweza kujua amemkasirikia nani. Neno moja. Mtu aliyekaa kimya maisha yako yote anataka neno moja, tena anakutumia mwanakwaya.

Kisa chenyewe, jinsi alivyokikuta Swalha alipopata akili, kilikuwa hivi.

Miaka ya sitini ilipokuwa inaelekea ukingoni, mtaa wa Gerezani kule Dar ulikuwa na kumbi mbili za dansi zilizotazamana, Zohali upande huu wa barabara na Shangwe upande ule. Vijana wa magitaa ya umeme walikuwa wamepata wazimu wa rock kutoka kwenye sahani za santuri walizoziacha mabaharia bandarini, wakavaa suruali pana za miguuni zinazofagia vumbi, na kila Jumamosi kumbi zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja ili kuzimana. Kila ukumbi ulikuwa na akina mama wake, na akina mama hao walikuwa na sare. Mwanamke wa Zohali akionekana tu mlangoni kwa Shangwe, sare anavuliwa na salamu anakatiwa. Msidhani natia chumvi. Kulikuwa na ndugu wa tumbo moja waliozikana bila kusemezana kwa sababu ya kumbi hizo.

Vita vilipiganwa mpaka kwenye kuta, kwa mabango. Vijana wa ukumbi mmoja waliruhusiwa kubandika bango lao juu ya la wenzao, lakini dansi lililotangazwa liwe limekwisha. Anayewahi kabla ya siku alipigwa kwa brashi yake mwenyewe na kupakwa uji wa gundi kichwani. Ndiyo maana kuta za Gerezani ziliota ngozi ya karatasi, Zohali juu ya Shangwe, Shangwe juu ya Zohali.

Mchoraji wa Zohali alikuwa Abdulwakil, kijana mwembamba aliyeoa karibuni. Mabaharia walimwachia pia mabango ya matamasha ya rock ya Marekani, na hayo ndiyo yaliyompagawisha: herufi zinazoyeyuka na kutiririka, nywele zinazogeuka miali ya moto, wekundu umekandamizwa juu ya kijani mpaka macho yanacheza. Alitengeneza fremu ya mbao, akawamba juu yake mtandio wa hariri ambao mkewe aliuvaa siku ya harusi, akawa anasukuma wino juu ya ile hariri kwa kipande cha mpira, karatasi moja baada ya nyingine. Mkewe, Sihaba, ndiye aliyeshika fremu isiteleze na ndiye aliyepika uji wa unga wa ngano wa kubandikia.

"Rangi zikipatana, watu wanapita," Abdulwakil alimfundisha Swalha miaka mingi baadaye, alipokuwa hana tena dansi la kutangaza, anachora vibao vya saluni na vinyozi. "Zigombanishe. Watasimama."

Wazee wa Zohali hawakuutaka huo ugomvi. Walitaka herufi zisomeke na mtu ajue dansi ni saa ngapi bila kuumwa kichwa. Basi akawachorea walivyotaka, huku roho inamuuma.

Wiki moja kabla ya shindano kubwa la kumbi hizo mbili, mtaa uliamka ukakuta bango jipya la Shangwe kila kona. Lilikuwa na mwanamke anayecheka, kichwa kimeegemea nyuma, nywele zake zimewaka moto, na jina la Shangwe linamtoka kinywani likiyeyuka. Mwanamke huyo alikuwa Sihaba. Hata aliyetaka kujifanya haoni alimwona. Shangwe walitangaza kwamba wameleta mchoraji kutoka Nairobi, mtu hatari, na mtaa ukajumlisha wenyewe: mke wa Abdulwakil kamwendea mgeni huyo kwa siri, kakaa mbele yake achorwe, na mwanamke akikaa mbele ya mwanamume mgeni, ndimi za watu zinajua kumalizia. Akina mama wa Zohali walimjia uchochoroni wakamchania sare mwilini. Siku chache baadaye alipanda treni. Swalha alibaki kwa shangazi yake, Bi Nahla, na Bi Nahla ndiye aliyemlisha uji na kisa hiki kwa kijiko kimoja. Abdulwakil hakuoa tena na hakulizungumzia jambo hilo. Mtaa ulimsifu kwa kukaa kimya, mume aliyeaibishwa na bado hakumtukana mkewe.

Hicho ndicho alichokuwa nacho Swalha kifuani aliposhuka Zhongda.

Zhongda haina huruma na mwenye mawazo. Guta za umeme za magurudumu matatu zimepakia majora ya vitambaa mpaka dereva haonekani, zinakuja kwa nyuma bila mlio, na anayezubaa anapigwa kiwiko. Swalha alipita katikati yao kwa kasi, Benedicta anamfuata akihema, mpaka duka wanalonunua siku zote. Mwenye duka, laobanniang kama wanavyomwita mama tajiri huku, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye vidole vilivyoingia rangi kwenye kucha. Aliwawekea viti viwili vya plastiki. Kimoja kilikaliwa.

"Nina kitu kipya," alimwambia Swalha kwa Kichina. "Mwaka huu vijana wote wanataka miaka ya sitini." Akafungua kitabu kikubwa cha michoro. Mbunifu wake alikuwa ameokota mtandaoni mabango ya rock ya zamani, ya Marekani mengi, kisha ya huko na huko, ili wayachape juu ya vitambaa.

Benedicta alifurahi kama mtoto. Alifunua kurasa huku akisema hili zuri, hili litauzika Bujumbura, hili padri atanitenga. Swalha alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama juu juu, mguu mmoja unapigapiga sakafu. Benedicta akafunua ukurasa mwingine, akageuka akamtazama usoni.

"Dada, huyu ana kidevu chako."

Mwanamke alikuwa anacheka, kichwa nyuma, nywele zinawaka. Wekundu ulikuwa juu ya kijani na ulikuwa bado unapigana nacho. Herufi za Shangwe zilimtiririka kutoka kinywani. Pembezoni ilionekana michaniko ya karatasi nyingine, Zohali juu yake na Shangwe juu yake tena. Kuna mtu wa mbali aliyekwenda akabandua ukuta wa Gerezani tabaka kwa tabaka, akapiga picha alichokikuta. Swalha hakuwahi kuliona bango hilo, kwa sababu lilifunikwa na mengine kabla hajajua kutembea. Wala hakuwahi kuuona uso wa mama yake, kwa sababu Bi Nahla alizichoma picha zote. Sasa alikuwa anauona, na ulikuwa wa msichana mdogo wa kuweza kuwa binti yake, anacheka bila woga wowote. Alitaka kuchukia, na chuki haikuja kwa wakati.

Jicho lake, lililozoea kutafuta kasoro, likaenda pembeni lenyewe. Juu kulia, pale wekundu ulipotakiwa kujaa, palikuwa na kistari cheupe kifupi, saizi ya punje ya mchele, kimelala upande.

Alikijua. Alikijua kabla hajajua kusoma. Sebuleni kwa baba yake, mpaka leo, limetundikwa bango moja la Zohali ndani ya kioo, na juu kulia lina kistari hichohicho, kimelala vilevile. Akiwa mtoto alikuwa akipanda kochi akipitishe kidole. Bi Nahla alimwambia kwa kubetua midomo: hapo mtandio ulipasuka, mama yako akaushona, mshono ukazuia wino. Kila karatasi iliyopita kwenye fremu ile ilitoka na alama ile.

Fremu ilikuwa moja tu mjini, na ilikaa chumbani kwa Abdulwakil.

Laobanniang aliona anakodolea macho kona, akadhani ni malalamiko. "Hiyo kasoro isikupe shida," alisema. "Kwenye kompyuta tunaifuta. Nitatoa sampuli sasa hivi, mashine iko nyuma hapo."

Swalha alikuwa keshageuka. Alimwambia Benedicta anarudi, akatoka.

Alitembea. Alipanda daraja la waenda kwa miguu, akashuka upande wa pili, akagundua hana shughuli upande huo, akapanda tena. Alipita maduka ya vifungo, ya zipu, ya lesi, kila mwenye duka anamwita naye hasikii. Mchoraji wa Nairobi hakuwahi kuwepo. Hilo lilikuwa wazi kama mchana, na lilikuwa wazi siku zote, sebuleni kwao, ndani ya kioo, na wageni walikunywa kahawa chini yake. Alisimama karibu na mfereji ambako madereva wa guta walikuwa wanakula wali kwenye maboksi, akampigia baba yake simu ya kawaida, bila kungoja mtandao.

Mzee Abdulwakil alipokea mwenyewe. Macho yake hayaoni vizuri sasa, lakini masikio yapo.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Huko ni saa ngapi? Umekula?"

"Baba, nimeliona bango la Shangwe. Lenye Mama."

Upande wa pili palisikika redio ya jirani na mtu anayetwanga. Mzee hakuuliza bango gani.

"Wekundu na kijani," alisema mwishowe. "Bado vinagombana?"

"Vinagombana."

"Nilijua havitapoa." Sauti yake ilikuwa na fahari, kidogo tu, halafu ikaisha. "Zohali hawakuniachia nichore nilivyotaka, Swalha. Shangwe waliniambia chora, usiweke jina. Sasa uso mwingine ningeutoa wapi? Nilikuwa naujua huo mmoja. Nilidhani kwa vile nywele nimezitia moto, hawatamtambua."

"Mama alijua?"

"Ndiye aliyeshika fremu."

Swalha alikuwa anakwenda na kurudi kwenye ukingo wa mfereji, hatua chache huku, hatua chache kule, na madereva wa guta walikuwa wameacha kula wanamtazama. "Walipokuja kumchania sare," alisema, "wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani."

"Aliniambia nisitoke. Alisema wakijua ni mimi watanivunja vidole, na vidole ndiyo chakula chetu. Akasema nikae ndani mpaka wapoe. Nikakaa."

"Ukakaa mpaka leo, Baba."

Swalha hakumngoja atafute jibu. Alimpenda baba yake. Alimpenda tangu alipojua kupenda, na kumpenda huko hakukuondoka pale kwenye ukingo wa mfereji, ndiyo maana kuliuma. Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kumfanyia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alijua aende upande gani.

Alirudi dukani nusu anakimbia. Sampuli ilikuwa tayari, imetandazwa mezani, bado inanukia wino. Rangi zilikuwa sawasawa. Uso ulikuwa sawasawa. Juu kulia, wekundu ulikuwa umejaa vizuri, laini, bila kitu.

"Nani amewaambia wafute?" Swalha aliuliza.

Benedicta alishtuka. "Mimi, dada. Ameniuliza kwa ishara, nikamwambia afute. Si wewe mwenyewe kila siku unatuambia kasoro hata ya sindano turudishe?"

Alikuwa na haki. Kosa hilo Swalha ndiye aliyewafundisha wote. Alimgeukia laobanniang, akamwambia anataka ule mchoro wa kwanza, usioguswa.

"Meiyou," mama tajiri alisema, hakuna, na hapohapo akaona uso wa Swalha akaenda kumwuliza mbunifu. Walipekua kompyuta kwa muda ambao Swalha aliumaliza kwa kuzunguka meza. Mbunifu alisema amehifadhi mpya juu ya ule wa zamani. Kisha akasema labda. Kisha akaupata kwenye simu yake, katika mazungumzo ya wiki iliyopita, na mashine ikaanza kuguna upya.

Hapa Zhongda kuna utaratibu wa sampuli. Mnunuzi akiridhika, inakatwa vipande viwili, kimoja kinabaki kiwandani na kimoja anaondoka nacho, ili mzigo ukifika watu wasibishane. Anayechukua kipande cha mteja ni wakala, na Swalha huwa anakata katikati bila kutazama. Safari hii alichukua mkasi mwenyewe, akaukata uso ukabaki mzima upande wake, pamoja na kona ya juu kulia. Laobanniang alipokea kipande chenye moto wa nywele tu. Alisema mteja mwingine angeiita hiyo kona mbovu. Swalha alimwambia mzigo wote utoke hivyohivyo, kila mita, na sura ya mwanamke isichapwe kichwa chini hata mahali pamoja, kwa sababu kwao wanawake watazivaa nguo hizo na hataki mtu aketi juu ya uso ule. Laobanniang alisema kitambaa kitapotea sana fundi akikata. Swalha alisema kipotee.

Benedicta alikuwa amekwisha kuelewa, au ameelewa kiasi cha kumtosha. Hakusema nimekwambia. Alitoa simu kwenye mkoba, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaishika mkononi bila kuipeleka mbele.

"Ujiji sasa ni asubuhi," alisema. "Huwa ana nguvu kidogo asubuhi."

Swalha aliitazama ile simu. Alikuwa anaogopa, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu mwanamke huyu anajulikana mji mzima kwa kutoogopa. Kama Bi Sihaba angelia, angefanya nini? Kama angemlaumu kwa miaka yote ya salamu zilizokatwa, angejibu nini, naye hana hata neno moja la kujitetea? Na kama simu isingepokelewa? Hilo la mwisho ndilo lililomfanya anyooshe mkono.

Iliita sana. Akapokea msichana, akasikika akisema subirini, kisha kitanda kikalia, kisha ikaja pumzi, fupi, inavutwa kwa kazi.

"Nani?"

"Mimi Swalha." "Shikamoo Mama."

Pumzi ikasimama, ikaendelea. Haikulia. "Marahaba," Bi Sihaba alisema polepole. "Marahaba mwanangu." Aliyatamka kama mtu ambaye aliomba neno moja, akapewa mengi, na sasa hataki kuonekana mroho.

Swalha alikuwa amejitayarisha njia nzima kuomba radhi, lakini maneno aliyoyatayarisha yalimkimbia. Alibaki na kile alichokishika mkononi.

"Mama, nimeuona mshono wako. Upo kwenye bango la Shangwe, juu kulia. Baba amenieleza."

Benedicta akajongea kuangalia kama laini imekatika. Haikukatika. Jora la kitambaa lilikuwa limelazwa sakafuni nyuma yake, na Swalha binti Abdulwakil akakaa juu yake, katikati ya Zhongda, wachukuzi wakimzunguka na mizigo yao, simu ameikandamiza sikioni kwa mikono miwili.

"Umekwenda upande, ule mshono," sauti ya Ujiji ilisema.

"Kidogo tu, Mama."

"Maisha yangu yote sijashona kingine kikaenda upande. Nilikuwa nimekupakata, unanyonya. Kila nikivuta uzi, na wewe unanivuta upande wako."